Mama Laini, Opereta wa Simu Aliyejifunza Kuandika Programu Uzeeni

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kutushika mkono: mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa posta, nyuma ya ghala la vifurushi. Alikuwa wa pili kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa mpanga barua; mama yake alishona nguo za watoto pale pale sebuleni. Kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba hivi kwamba jirani akipiga chafya, upande wa pili humwambia pole. Marehemu alipenda kusema kwamba kazi yake ya maisha aliianza humo, kabla hajajua kusoma. Mama yake akitaka kuazima pasi alimtuma yeye, naye alirudi na jibu kama lilivyotoka kinywani mwa mwenyewe, mguno ukiwa ndani yake: "Amesema, 'Mmh! Haya, lakini airudishe leo.'" Mama mtu alicheka mpaka sindano ikamdondoka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975. Alipenda kusoma kwa sauti na aliandika mwandiko mzuri. Hesabu zilimsumbua. Akiwa kidato cha pili mwalimu mmoja alimrudishia daftari mbele ya darasa na kumwambia, "Wewe hesabu si zako, nenda na lugha." Mwalimu yule pengine alisahau maneno yake kabla kengele haijalia. Marehemu aliyabeba kwa karibu miaka arobaini. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu ambaye naye amekwisha tangulia. Tunayasema kwa sababu hapa mbele yetu wamekaa walimu, wazazi na mashangazi wengi, na mtoto anayeambiwa "hizi si zako" hana pa kukata rufaa.

Mwaka 1976 alihudhuria kozi ya uopereta wa simu, na mwezi Februari 1977 akaajiriwa katika hospitali kuu. Chumba cha simu kilikuwa ghorofa ya chini, ubavuni mwa chumba cha dobi, na siku za kufua mashuka madirisha yake yalitoa jasho. Ukutani kulikuwa na ubao wenye matundu mengi, kila tundu na wodi yake, na yeye aliwaunganisha watu kwa kuchomeka waya hapa na kuchomoa pale. "Shika laini, baba, namtafuta daktari. Usikate, mama, shika laini." Ndipo lilipotoka jina la Mama Laini, ambalo wengi wenu mmelitumia miaka yote bila kujua lingine.

Chumba kile kilikuwa na sheria mbili, na inafaa mzijue. Ya kwanza: opereta hakati simu kabla ya mteja. Hata mteja akinyamaza, unasubiri. Huenda analia, huenda anatafuta kalamu. Ya pili ilihusu kukabidhi zamu. Anayeondoka anamtajia anayeingia mambo yote yaliyobaki, kwa mdomo, na anayeingia anayarudia neno kwa neno. Kabla hayajarudiwa, anayeondoka haruhusiwi hata kushika mkoba wake. Marehemu aliishi na sheria hizo kwa miaka thelathini na sita, na mwenye kumfahamu anajua kwamba alikuja nazo nyumbani.

Mume wake alimjua kwa sauti kabla ya kumwona kwa macho. Huyu ndiye Mzee Dizeli, aliyekuwa fundi wa jenereta la hospitali ile ile. Kila asubuhi alitakiwa kuliwasha kwa majaribio na kupiga simu kutoa taarifa. "Jenereta limewaka," alisema. "Nimesikia," alijibiwa, na yakaishia hapo kwa muda mrefu. Siku moja akajikaza: "Jenereta limewaka. Na wewe, hujambo?" Akajibiwa, "Sijambo, lakini laini ina watu." Mzee husema aliposikia lile "sijambo" alijua amepata mke, lakini marehemu alisema yeye alichosikia ni jenereta tu. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1981, na wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Mwaka 2013 hospitali iliweka mtambo unaopokea simu wenyewe. Chumba cha simu kikawa stoo ya magongo na viti vya magurudumu, na marehemu akastaafu akiwa na miaka hamsini na sita. Alipewa saa ya ukutani na hotuba fupi. Wiki chache baadaye alipiga simu hospitalini kumuulizia shoga yake aliyelazwa, akapokelewa na sauti ya msichana: bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza tatu. Alibonyeza zote. Binti yake mkubwa alimkuta sebuleni akigombana na simu.

"Hebu niambie, nani kamfundisha msichana huyu adabu mbovu namna hii? Namsalimia, hajibu!"

"Mama, huyo si mtu. Ni kompyuta."

"Kompyuta imejuaje la kusema?"

"Kuna mtu ameiandikia. Hiyo ndiyo programu."

Marehemu akaishusha simu taratibu. "Kumbe ni mtu," akasema. "Basi hata mimi ni mtu."

Nyumba nzima ilicheka, na kusema kweli hakuna aliyedhani jambo lile lingefika popote. Shemeji zake, na wifi mmoja pamoja nao, walimkumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Aliwajibu kwamba yeye si samaki, na kwamba wanaotaka kukunja samaki waende sokoni. Mwezi Januari 2014 alijiandikisha katika darasa la kompyuta lililokuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Mwalimu alikuwa msichana wa umri wa binti yake mdogo, na wanafunzi wenzake walikuwa vijana waliotoka shuleni juzi. Walimwita Bibi, wakampa kiti cha karibu na feni.

Tusipambe mambo kwa kuwa ameondoka: alikuwa mwanafunzi mgumu. Kuchapa hakukumpa taabu, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi, lakini kila lilipotokea jambo lenye sura ya hesabu alikunja uso na kusema, "Hizi si zangu." Vijana walimaliza kozi wakaondoka. Yeye akairudia, wakaja vijana wengine, nao wakaondoka. Alipoiona sura ya kundi la tatu alirudi nyumbani na kutangaza kwamba ameacha. Akakaa wiki mbili, akarudi darasani bila kumweleza mtu ila mumewe.

Kilichomrudisha ni neno alilosikia sokoni. Alikutana na muuguzi anayesimamia benki ya damu, dada mmoja ambaye marehemu alimwita mwanangu, akamwuliza habari za kazi. "Mama, tangu uondoke nahangaika," alisema muuguzi. "Zamani nikihitaji damu ya kundi fulani, nakwambia wewe, unawapigia wachangiaji mmoja mmoja. Siku hizi natumia simu yangu mwenyewe, huku mgonjwa yuko kwenye meza ya upasuaji. Juzi niliwapata watu wawili, na wa pili alifika wakati hatumhitaji tena." Marehemu alielewa maana ya maneno yale: mgonjwa alikuwa ameshafariki. Alinunua vitunguu vyake, akafika nyumbani, akamwambia mumewe kwamba sasa anajua anachotaka kuandika: programu ya kuwatafuta wachangiaji damu kwa ujumbe wa simu, mpaka apatikane wa kutosha. Kazi hiyo ilikuwa yake, na ilikuwa imebaki bila mwenyewe.

Tangu siku hiyo kulikuwa na kitu cha kweli cha kupoteza. Akishindwa, muuguzi angeendelea kuhangaika na simu moja mkononi.

Watu walimwuliza mara nyingi alipata wapi hamu ya kuendelea, na hapa tungependa vijana wasikilize. Hamu hakuwa nayo. Siku nyingi hakuwa nayo kabisa. "Hamu ni mgeni," alisema. "Akija mkaribishe, asipokuja, wenye nyumba na wale chakula chao." Alichokuwa nacho ni utaratibu. Kila jioni, akifunga kompyuta ya mitumba aliyonunuliwa na mabinti zake, alimkabidhi Mzee Dizeli zamu, na asubuhi Mzee alimrudishia, ili asianze siku kwa kujiuliza ameishia wapi. Mzee hakuelewa hata robo ya alichokabidhiwa.

"Nakukabidhi zamu," marehemu alisema. "Kitanzi cha pili, ile sehemu inayorudia kazi, hakifungi. Na kigeu cha kundi la damu hakijapewa thamani."

"Kitanzi cha pili hakifungi. Kikundi cha damu hakina thamani."

"Kigeu, baba. Si kikundi."

"Kigeu hakijapewa thamani. Nimepokea. Haya, nenda kapike."

"Leo zamu ya kupika ni yako."

"Hiyo hukunikabidhi."

Hicho kigeu chenyewe, yaani mahali pa kuweka kitu kinachobadilika, kilimtesa tangu mwaka wa kwanza, mpaka siku alipokilinganisha na tundu la ubao wake wa simu: tundu ni lile lile, leo linaongea na wodi ya watoto, kesho linaongea na jikoni. Alisimama darasani akaipiga meza kofi. "Mwalimu! Mbona hukusema mapema kwamba ni tundu?" Kuanzia hapo maneno ya "hizi si zangu" yalipungua. Hatuwezi kusema yaliisha.

Mwezi Mei 2017 programu ilikuwa tayari kwa majaribio. Hospitali iliruhusu yafanyike katika ofisi ya benki ya damu, mbele ya katibu wa hospitali, na wachangiaji kumi waliambiwa wakae tayari na simu zao. Marehemu alivaa gauni la kijani alilovaa harusini kwa binti yake. Akabonyeza. Ujumbe ukaenda kwa mchangiaji wa kwanza, dereva wa lori. Wakasubiri. Muuguzi akampigia wa pili kuuliza kama amepata kitu, hajapata. Wa tatu hajapata. Wa kumi aliuliza kama anaweza kwenda zake msalani. Ofisi nzima ilikodolea macho kompyuta, nayo ikawakodolea wao. Mwishowe katibu akasimama, akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Tunakushukuru sana, mama. Lakini hospitali si mahali pa kujifunzia."

Alirudi nyumbani, akaizungushia kompyuta kitambaa cha meza, akaiweka juu ya kabati. Safari hii hakutangaza chochote. Alifagia ua uliokuwa umefagiliwa. Binti yake mdogo alipomwambia asikate tamaa, alimjibu, "Mwanangu, tamaa sijaikata. Imekatika yenyewe."

Kila asubuhi, kwenye chai, Mzee Dizeli alimrudishia zamu ya siku ile ya kabla ya majaribio, naye hakuipokea. Ikapita wiki, ikapita ya pili. Asubuhi moja Mzee alikunywa chai, akavaa viatu na kofia, kisha akarudi kukaa mezani, mikono juu ya magoti.

"Huendi kwenye drafti?" marehemu akauliza.

"Niende vipi? Niko zamu."

"Zamu gani?"

"Yako. Hujaja kuipokea."

"Baba, mimi nimeacha."

"Ukiacha, unapokea kwanza, halafu unatafuta wa kumkabidhi. Sheria ni zenu, si zangu. Sisi wa jenereta, likizimika tunaondoka."

Marehemu alijaribu kukasirika, kicheko kikamponyoka. "Haya, nikabidhi basi, ukacheze drafti yako."

"Kwanza niambie imeishia wapi. Nitakabidhije kitu nisichojua kimeishia wapi?"

"Imeishia kwa dereva wa lori."

"Ikafanya nini?"

"Ikamsubiri ajibu."

"Alikuwa wapi?"

"Njiani. Simu amezima."

"Sasa ikamsubiri mpaka lini?"

Marehemu alisimama, akavuta kiti hadi kabatini, akapanda mwenyewe, akaishusha kompyuta. Kitambaa cha meza kikabaki sakafuni. Aliikagua mistari yake mmoja mmoja kwa sauti, na alipoufikia ule mstari akauona. Alikuwa ameiamuru programu imngoje kila mchangiaji mpaka ajibu, ndipo iende kwa mwingine, na hakuipa ukomo. Hakukuwa na kosa la hesabu popote. Aliifundisha kompyuta sheria ya kwanza ya chumba cha simu: opereta hakati kabla ya mteja. Nayo, kwa utiifu, haikukata.

Mwalimu wake aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. "Bibi, kwa nini uliiambia isubiri milele?"

"Nimkatie mtu simu? Ningekuwa mtu wa namna gani?"

Walirekebisha pamoja, kwa namna aliyoridhika nayo: programu ilimsubiri mtu kwa dakika chache, kisha ikaenda kwa wengine, lakini haikufunga mlango: aliyechelewa akijibu, anapokelewa na kushukuriwa. Hilo la kushukuru alilidai yeye. Muuguzi alimwomba katibu nafasi nyingine, akambana hata kwenye ngazi, na tarehe 22 Agosti 2017, kabla majaribio ya pili hayajapangwa, ikatokea haja ya kweli. Mama mmoja alijifungua na kupoteza damu nyingi, na kundi lake lilikuwa adimu. Muuguzi hakungoja ruhusa. Aliiwasha programu. Wachangiaji watatu walifika mchana ule, mmoja akiwa na aproni ya kinyozi na nywele za mteja mabegani. Mama yule alitoka hospitalini kwa miguu yake, mwanawe mikononi. Leo yumo humu kati yetu, na mtoto wake yuko shuleni.

Katibu hakuomba radhi, wala marehemu hakuidai. Katibu aliagiza tu kwamba kompyuta ya benki ya damu ihamishiwe karibu na dirisha, na kwamba Mama Laini aingie hospitalini bila kuulizwa mlangoni. Programu ile inafanya kazi mpaka leo. Imebadilishwa mara nyingi, na nyingi kati ya hizo ni kwa mkono wake.

Mwaka 2018 alianzisha darasa la Jumamosi katika chumba kile kile cha juu ya duka, kwa ajili ya watu wazima. Wa kwanza kujiandikisha walikuwa fundi viatu, mpishi mstaafu wa shule na wifi yake mwenyewe, yule aliyempigia methali ya samaki. Hakuwaambia kwamba ni rahisi. Aliwaambia kwamba ni vigumu na kwamba inawezekana, na kwamba mambo hayo mawili hukaa nyumba moja bila kugombana. Tuna hasira na kila anayemtazama mtu wa miaka hamsini na kumwona kama kiporo. Jamii inayowafungia watu wake mlango wa kujifunza kwa sababu ya mvi inajinyima yenyewe. Marehemu hakutoa hotuba juu ya jambo hili. Alifungua darasa.

Mwishoni mwa mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Alivimba miguu, akashindwa kupanda ngazi za darasani, na wanafunzi wakawa wanamfuata nyumbani. Alitibiwa kwa uangalifu, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Alilazwa mara ya mwisho mwezi Mei mwaka huu wa 2024. Daktari alikataza kompyuta kitandani, naye alitii kwa namna yake: fundi viatu alikuja saa za kuwaona wagonjwa, akamsomea mistari kutoka kwenye karatasi, na yeye akiwa amefumba macho alisema, "Rudi nyuma. Hapo. Hapo umeruka." Alikuwa akijifunza namna ya kuifanya programu imtafute kwanza mchangiaji aliye karibu zaidi, na somo hilo lilimpa taabu. Alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, mume wake akiwa amemshika mkono, alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Marehemu ameacha mume, Mzee Dizeli; mabinti wawili na mtoto wa kiume; wakwe wawili; wajukuu watano; kaka mmoja na dada wawili; wifi na shemeji wasiohesabika; mwalimu wake; na darasa la Jumamosi, ambalo litaendelea kama kawaida wiki ijayo, fundi viatu akishika chaki.

Siku mbili baada ya kifo, Mzee Dizeli alikwenda kusajili msiba, akiongozana na binti yake mkubwa. Afisa alimwuliza maswali yanayoulizwa, akajibiwa, mpaka akafika kwenye kazi.

"Kazi ya marehemu, mzee? Niandike mstaafu?"

"Mwanafunzi," akasema Mzee.

Afisa akainua macho. "Mzee wangu, pole sana. Lakini umeniambia alikuwa na miaka sitini na saba."

"Ndiyo. Na alikuwa katikati ya somo."

Afisa alimtazama binti, binti akatikisa kichwa kukubali. Akaandika mwanafunzi.

Mungu amlaze mahali pema, na amani yake iwe juu yake.